Upande mmoja wa kanga ya marehemu mama, watoto watatu tunaugombania na kila mtu ana maana yake

Kitinda wa Ngamiani (mtoa mada)

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu na mi sio mwandishi kwaio mnivumilie, asiye na muda apite tu hakuna ugomvi.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Tukamaliza arobaini salama, tukakaa kugawa vitu. Nyumba ya Ngamiani pale Tanga tumekubaliana haiuzwi. Kiwanja cha Muheza kachukua kaka, hakuna aliyenuna. Cherehani kachukua dada, nguo tukatoa sadaka, vyombo majirani wakajichagulia. Mambo yalienda laini mpaka nikawa najiuliza hawa watu wanaotoana roho kwa mirathi huwa wanagombania nini hasa.

Ndo likaja kufunguliwa sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda.

Chini kabisa, chini ya vyeti vya kliniki na picha za pasipoti za watu ambao hata hatuwajui, kulikuwa na upande mmoja wa kanga. Sio doti, upande mmoja. Zamani ilikuwa rangi ya chungwa, saizi imekuwa kama chai ya maziwa, pindo jeusi, katikati korosho kubwa kubwa. Jina lake JAPO SIPATI TAMAA SIKATI ila herufi mbili za kwenye SIPATI zimefutika. Karibu na pindo kuna tundu la kuungua na pasi ya mkaa, kubwa kama shilingi mia. Imelainika hiyo kanga mpaka ukiishika unaogopa itabaki mkononi.

Nikasema hii nachukua mimi. Dada akasema wakati huo huo hii yangu. Kaka hakusema kitu, akainyakua.

Mi madai yangu ni haya. Kabla yangu mimba tatu za mama ziliharibika, nimezaliwa 84, na hiyo kanga ndo ilikuwa mbeleko yangu. Nilivyokuwa mdogo alikuwa ananionesha yale maandishi ananiambia "jina la kanga hii ni wewe". Japo sipati tamaa sikati, ndo akapata. Sasa kitu kama hicho kinagombaniwaje? Jina langu limeandikwa pale!

Kaka akacheka, akasema mama alimwambia hayo hayo yeye. Kaka alifeli darasa la saba, akarudia, akafeli tena. Anasema mama alikuwa anajitanda ile kanga asubuhi anatoka kuzunguka kwa watu kumtafutia nafasi, hii shule, ile shule, mpaka ikapatikana ya ufundi. Kila akirudi bila kitu anaivua, anaikunja, anamwonesha jina. Kaka leo ni fundi umeme, amesomesha watoto wanne kwa ufundi huo. Kwake yeye kanga ni ile.

Dada yeye hakuambiwa kitu na mama, anasema aliona kwa macho yake. Mwaka 86 baba alivyooa mke wa pili, mama alijifunga ile kanga akaenda mwenyewe kwenye shughuli akasimamia sufuria la pilau kwa ajili ya bi harusi. Dada alikuwa na miaka 16, alibaki kasimama na sinia anamwangalia mama mgongo wote umeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI na wanawake wanasomeana nyuma yake. Lile tundu la pasi aliliunguza dada, usiku kabla ya shughuli, maana mikono ilikuwa inatetemeka. Mama aliliona, hakumpiga, akalifichia kwenye mkunjo.

Sasa wakuu hapo mtu unasemaje? Kila mtu akimaliza kueleza wengine wawili tunanyamaza, halafu tunaanza upya. Tumeachana hivyo hivyo, kanga ipo kwa jirani kama kidhibiti cha polisi. Naombeni busara zenu. Nawasilisha.

---

ngoja_waje_wajuzi

Nimekaa paleee na kahawa yangu

---

Mzee wa Hesabu

Poleni kwa msiba. Ila mkuu naomba nikuulize kwa upole, watu wazima watatu, mmoja fundi umeme, mnagombania kitambaa chenye tundu? Doti mpya dukani mnaweza kununua hata kumi mkagawana. Ni pamba hiyo na rangi, basi. Maana mnaiweka nyie vichwani.

---

Kitinda wa Ngamiani

Mzee wa Hesabu sawa tumeweka sisi vichwani, sasa itoe.

---

BintiUnguja

Huyu anaesema pamba na rangi hajaishi nyumba ya kupanga Unguja. Mie nilihamia mtaa mmoja sikuwa namjua mtu, siku ya tatu natoka kuanika nguo nimejifunga kanga yangu NILIJUA MTASEMA, nimeipenda tu ile rangi ya zambarau wallahi sikuwa na habari na jina. Jirani wa mbele kumbe wiki hiyo kagombana na mumewe na mtaa mzima unajua isipokuwa mimi. Akaniangalia juu mpaka chini akaingia ndani. Kesho yake katoka na SINA SIRI NINA JIBU, akapita mbele ya mlango wangu mara nne kwenda dukani, mara nne! nani anaenda dukani mara nne. Miezi miwili hatusalimiani. Tulikuja kupatana kwenye maulidi ndo nikamwambia bibi mie ile niliinunua kwa rangi, akasema na mie siku ile nilikuwa sina safi nyengine. Tukacheka mpaka machozi.

Kwaio vijembe vyote miezi miwili hakuna aliyemrushia mwenzake kitu. Kila mtu alijisomea lake.

---

Muuza Doti

Mi nauza kanga Kariakoo mwaka wa kumi na mbili huu ngoja niwape ya dukani.

Wateja wa kanga wapo wa aina mbili. Wa pwani akifika anakwambia "nisomee jina" kabla hajagusa kitambaa, na jina likimkaa vibaya hata rangi iwe ya dhahabu haichukui. Wa bara wengi anaangalia rangi na kama inachuja, jina anakuja kulijua nyumbani. Halafu kuna wa vikundi, kitchen party, vikoba, msiba, hao wanachukua korja nzima wanataka tu zifanane, na hapo ndo unakuta wanawake arobaini wamekaa msibani wamevaa jina la mapenzi na hakuna anayeshangaa.

Ila kuna bibi mmoja sitamsahau. Alikuja na kipande cha kanga kimekatwa, maneno tu, ameyafunga kwenye leso ndogo kama hela. Anataka jina hilo hilo. Nikamtafutia nikalipata, jina ni lile ila mchoro mwingine. Akaikunjua, akaiangalia, akasema "siyo". Nikamwambia bibi jina si hili hapa, akasema "mwanangu jina ni hili ila siyo". Akakunja kipande chake akaondoka. Nilikasirika nimepoteza saa nzima, leo nasoma huu uzi ndo namwelewa.

---

Mvita Mkongwe

Salaam kutoka Mombasa. Kwetu twaita leso, na huyo mzee wa hesabu aje nimtembeze Biashara Street aone watu wanavyosimama kusoma.

Kwa faida ya vijana: leso yatokana na neno la Wareno, vile vitambaa vya mkononi. Akina bibi walikuwa wakinunua vingi wavishone pamoja wapate nguo moja. Wengine wakaita kanga kwa sababu ya madoa kama ya yule ndege. Maneno yalikuja baadaye, na mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, hizi za Kirumi zikafuata. Duka la Mali ya Abdulla laanzia 1887 na mpaka leo wanawake wa huku huitambua leso yao kwa lile chapa.

Nyanyangu alikuwa hajui kusoma herufi za Kirumi hata moja. Lakini leso zake zote alizijua majina, aliuliza mara moja dukani akahifadhi. Ukimdanganya yuakurekebisha. Siku moja tukagundua moja alikuwa akiiita jina ambalo silo kabisa, muuzaji alimsomea vibaya au yeye alisikia vibaya, na alikuwa ameivaa miaka kwa jina hilo la kwake. Hatukumwambia. Mngemwambia nyinyi?

---

kuku_wa_kienyeji

@Mvita Mkongwe nisingemwambia asee

---

Shemeji Mkubwa

Nyie mnaongea ya marehemu mi naomba niongee ya walio hai. Nilienda safari ya kikazi Tanga nikasema nisirudi mikono mitupu, nikamnunulia mama mkwe doti. Rangi ya kijani nzuri, nikaifunga vizuri nikampa mbele za watu, akaipokea kwa vigelegele. Akaikunjua. MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Wakuu kile chumba kilinyamaza mpaka nikasikia friji.

Kikao kiliitishwa na mjomba wa mke akapanda basi kutoka Korogwe. Naulizwa "unamaanisha nini", nasema sikusoma, naambiwa "mwalimu mzima hukusoma?" Mke wangu ndo aliniokoa, akasema huyu hata sms zangu hasomi. Mama mkwe yule kanga hajawahi kuivaa ila hajaitupa pia, ipo kabatini, na kila nikigombana na binti yake anaitoa anaianika nje.

---

Mbeba Mizigo

😂😂😂 anaianika

---

Lake Zone Original

Kwetu wasukuma hatukugombania kanga tuligombania baiskeli. Phoenix ya mzee, nyeusi, ina kengele na dainamo. Mi naikumbuka usiku naumwa, mzee amenifunga mgongoni kwake kwa shuka nisianguke, taa ya dainamo inafifia tukipanda mlima inawaka tukishuka, mpaka zahanati. Naipenda ile baiskeli. Kwenye kikao nikasema nichukue mimi, mdogo wangu akasema chukua, mi sitaki hata kuiona. Tukashangaa. Akasema mnaikumbuka ile mipira ya kufungia mzigo kwenye keria? Ile ya tyubu? Basi yeye alikuwa anachapwa na ile. Akisikia kengele jioni tumbo linamuuma, mpaka leo akisikia kengele ya baiskeli tu.

Sikujua. Tulilala chumba kimoja na sikujua. Baiskeli ninayo ila nimeitoa keria.

---

Kitinda wa Ngamiani

@Lake Zone Original hii imenipiga mkuu. Hapo kwenye keria nimekaa kimya kidogo.

---

Wakili wa Mchongo

Kisheria kitu kimoja kisichogawanyika mnaweza kukiuza mkagawana hela au mmoja akawalipa wengine hisa zao. Thamani ya soko ya kanga yenye tundu ni sifuri. Kwaio kila mmoja anastahili theluthi ya sifuri. Kesi imefungwa 😂

Utani pembeni, kateni vipande vitatu.

---

BintiUnguja

Usikate!! Ukikata jina linakatika. Atabaki mmoja na JAPO SI, mwengine TAMAA. Sasa huyo wa TAMAA si ndo balaa

---

DadaWaMtu

Samahani nina swali na sio kwa ubaya. Mama yenu aliwaambia wewe na kaka yako maneno yale yale, kwamba kanga ni kwa ajili yako. Mmoja kati yenu kadanganywa.

---

Kitinda wa Ngamiani

@DadaWaMtu hilo ndo limenikosesha usingizi siku mbili. Kwaio jana nikampigia mama mdogo yupo Pangani, ndo pekee aliyebaki wa umri wao. Leteni viti nawapa mrejesho.

Nikamwelezea yote, mimba tatu, darasa la saba, pilau la bimdogo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, namnukuu, "mwanangu, mwaka ule nani alichagua jina?"

Kumbe kanga ile ni ya 83. Mwaka wa Waziri Mkuu Sokoine na msako wa wahujumu uchumi. Wenye umri wanakumbuka, maduka meupe, sabuni hakuna, sukari kwa mgao, mpaka wa Kenya bado umefungwa tangu 77 kwaio leso za Mombasa zinaingia kwa magendo tu na magendo ndo hayo yanasakwa. Ikatoka habari duka la ushirika kuna kanga. Mama na mama mdogo walikuwa wanaishi nyumba moja, wakaenda alfajiri kupanga foleni, mawe yamewekwa kushika nafasi. Kila kaya doti moja. Muuzaji anatoa iliyo juu ya rundo anakurushia, next. Hakuna cha nisomee jina. Mama mdogo anasema aliyekuwa mbele yao alipata ya bluu nzuri, wao wakapata ile ya rangi ya chungwa, na walinuna njia nzima kwa jinsi ilivyokuwa mbaya. Jina walikuja kulisoma nyumbani wakiwa wanapiga pindo.

Kwaio haikuwa ya mimba, mi nilikuwa bado. Haikuwa ya kaka, kaka alikuwa mtoto anacheza gololi. Haikuwa ya bimdogo, bimdogo hajulikani hata yupo wapi. Ilikuwa zamu yao kwenye foleni.

---

Mzee wa Hesabu

Nilisema mimi. Pamba na rangi.

---

Muuza Doti

Mzee wa Hesabu hapana bado hujashinda. Kama ni pamba na rangi mbona doti zote za foleni ile zimeshakuwa madekio na hii ilikuwa chini ya sanduku? Mama hakuchagua jina siku ya kununua, ila siku ya pilau alikuwa na kanga nyingine ndani, akachagua ile. Na siku ya kumtafutia mtoto shule vile vile. Aliipata bila kuchagua halafu akaichagua mara tatu.

---

DadaWaMtu

Basi nafuta kauli, hakuna aliyedanganywa. Ila na mimi naona labda alikuwa anajisemea mwenyewe, nyie mlikuwa mnasikia tu.

---

Mvita Mkongwe

Na je upande wa pili? Doti ni mbili. Mmeona mmoja.

---

Kitinda wa Ngamiani

@Mvita Mkongwe mzee una jicho. Ndo nilikuwa nakuja huko.

Doti moja, dada wawili, kaya moja. Wakaikata katikati siku ile ile, kila mtu upande wake. Kwaio kule Pangani kuna pacha wa hii kanga, rangi ile ile, korosho zile zile, jina lile lile. Nikasikia mwili unasisimka, nikamuuliza mama mdogo ya kwako ipo? Akasema ipo, mbona ipo.

Nikamwambia itunze vizuri nakuja kuiona. Akauliza kuona nini. Nikamwambia kanga. Akasema "iko hapa nimefunikia unga wa maandazi".

Wakuu anauza maandazi tangu miaka ya tisini. Kila asubuhi saa kumi anakanda, anafunika na ile kanga unga uumuke, ikichafuka anaifua anaianika. Nikamuuliza haikukumbushi kitu? Akafikiri kweli kweli, nilimsikia anafikiri, akasema inamkumbusha kwamba ile ya bluu ilikuwa nzuri zaidi. Yule wa bluu anamjua mpaka jina, wanaonana sokoni, na bado hajamsamehe.

---

Shemeji Mkubwa

Miaka arobaini na kitu! Mama mdogo nampenda bure

---

BintiUnguja

Nimecheka nimelia vyote kwa pamoja. Sasa dada kasemaje?

---

Kitinda wa Ngamiani

Nilimpigia dada nikampa stori ya foleni. Akasema mama mdogo ni mzee anasahau. Nikamwambia ameikumbuka mpaka bluu ya mtu wa mbele. Dada akanyamaza, halafu akasema mimi nililiona lile jina mgongoni kwa mama, mama mdogo siku ile hakuja, alisema anaumwa. Hakuumwa, aligoma. Hakutaka kupika pilau la bimdogo. Nyie hamkuwepo hata mmoja. Akakata simu.

Na kweli hatukuwepo. Mi nilikuwa mgongoni kwa mtu, labda kwenye mbeleko nyingine, kaka alipelekwa kwa babu.

Kaka nae nilimpigia, yeye alicheka tu, akasema hata kama waliokota barabarani mi najua nilichooneshwa. Halafu akaongeza kitu kilichonishangaza, akasema mpe dada. Nikamuuliza kwanini, akasema dada peke yake ndo hakuambiwa.

Bado sijampa jibu. Nipo nafikiria. Ile kauli ya jina langu limeandikwa pale nilikua nayo, sio rahisi kuiweka chini hivi hivi.

---

Mvita Mkongwe

Nduguyo ana busara huyo fundi.

---

kuku_wa_kienyeji

mkuu kanga si bado ipo kwa jirani? angalia jirani nae asije akaanza kuwa na maana yake 😂

---

Kitinda wa Ngamiani

Mrejesho wa mwisho kwa leo. Mama mdogo kanipigia yeye mwenyewe sasa hivi, nikajua amekumbuka kitu.

Anauliza ule upande wa mama kama bado mzima. Nikamwambia mzima, una tundu moja tu la pasi. Akasema wa kwake umechanika katikati wiki iliyopita, unga unapata vumbi, kwaio kama kuna mtu anakuja Pangani aupitishe.

Nimemwambia nitawauliza wenzangu. Dada tangu jana hapokei simu.